Mtoto wa Mbagala Ugenini Japani

Mtu asimamapo kituoni Mbagala Rangi Tatu wakati wa asubuhi huziona herufi za Kijapani kabla hajapata kumwona Mjapani. Zimo ubavuni mwa mabasi madogo yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika huko kwao: jina la shule, au la hoteli, au namba ya simu ya duka ambalo hapana mtu wa Mbagala atakayelipigia maisha yake yote. Konda hazijui, wala abiria hawaziulizi. Barabara yenyewe ya Kilwa ilipata kupanuliwa kwa msaada wa Serikali ya Japani, na daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 2018, limejengwa kwa msaada wa hao hao. Hivyo kwetu sisi wa Temeke Japani si jina geni. Walakini kupanda gari la mtu si sawa na kwenda kukaa nyumbani kwake.

Katika miaka hii vijana wetu nao wanakwenda kukaa. Serikali ya Japani, kwa njia ya Wizara yake ya Elimu, imekuwa ikiwagharimia wanafunzi wa nchi za kigeni tangu mwaka 1954, na mwenye kuomba huanzia Ubalozi wao Dar es Salaam. Tena mwaka 2013, katika mkutano wa TICAD uliofanyika Yokohama, ulitangazwa mpango mwingine wa kuwachukua vijana wa Kiafrika kwa masomo ya juu pamoja na kujifunza kazi katika makampuni, nao ukaanza kupokea watu mwaka 2014. Anayechaguliwa kusomea shahada ya kwanza hufundishwa Kijapani mwaka mzima, Osaka au Tokyo, ndipo apelekwe chuoni kwake. Hulipiwa nauli na ada, akapewa na posho ya mwezi, ambayo katika miaka ya karibuni ilikuwa yapata yeni 117,000. Hayo yameandikwa katika karatasi zao na kila mtu aweza kuyasoma. Yasiyoandikwa ndiyo tuliyoyafuata sisi.

Tulikwenda Mbagala Kizuiani, tukaketi barazani baada ya sala ya alasiri kwa mzee mmoja fundi seremala, pamoja na mkewe na kijana wao wa kwanza aliyekuja likizo kutoka Japani. Majina yao hatutayataja, kwani ndivyo walivyotuomba. Ndani, nyuma ya pazia, alikuwamo binti yao wa pili, aliyemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, naye ataka kumfuata kaka yake. Mama amekwisha kuridhia nusu. Baba hajaridhia. Alituambia wazi: "Mimi sikatai elimu. Nataka mtu anieleze huko mtoto wa Kiislamu anaishije, siku kwa siku, si maneno ya picha." Swali lake twaliona ni la haki, na makala haya twayaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi wengine walio kama yeye.

MAMBO YALIYO SAWA NA YETU

Jambo la kwanza alilotusimulia kijana lilitushangaza, kwa kuwa tulitazamia kuambiwa ugeni, naye akaanza na viatu. Nyumba ya Kijapani haiingiwi na viatu. Vivuliwa mlangoni, vikageuzwa vichwa kuelekea nje, na mtu hupanda sakafuni kwa soksi. Tena zipo ndara za chooni peke yake, na anayesahau akatoka nazo mpaka sebuleni huchekwa. "Nikasema moyoni," kijana alieleza, "haya mambo ni ya kwa bibi yangu." Mwenzake mmoja wa masomo, aliyetoka nchi ya Ulaya, alichukua mwezi kuzoea jambo ambalo mtoto wa Mbagala analijua tangu hajaanza kutembea.

Vivyo hivyo heshima kwa wakubwa. Mjapani hasemi na mwalimu wake kwa maneno anayomwambia mwenzake. Lugha yenyewe ina vitenzi vya kujishusha na vya kumkweza mwingine. Aliyetangulia chuoni mwaka mmoja tu ana haki zake juu ya aliyemfuata. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo haoni uzito hapo. Uzito huuona yule aliyelelewa kumwita baba yake kwa jina.

Kuamkiana kwao ni kwa kuinama, na hapa baba alikunja uso. Wanazuoni wengi wamechukia mtu kumwinamia mtu katika kumwamkia hadi kufikia kiasi cha rukuu. Kijana akajibu kwamba huko hapana anayempima mgeni kwa rula: yeye huteremsha kichwa kidogo tu na kuweka mkono kifuani, na katika miaka mitatu hajapata kulaumiwa. Zaidi ya hayo, desturi hii ina faida asiyoitazamia mtu. Kwa kuwa Wajapani hawana mazoea ya kupeana mikono, msichana wa Kiislamu huko hapati ile taabu aipatayo katika nchi nyingine, ya mwanamume kumnyooshea mkono mbele za watu naye asijue autie wapi wake. Huinamisha kichwa, naye akainamishiwa, basi.

Na choo. Twaomba radhi kulitaja, lakini mama ndiye aliyeuliza, na kina mama wengi wangeuliza. Muislamu aendaye nchi za baridi hubeba dhiki ya karatasi. Japani, kampuni iitwayo TOTO ilianza mwaka 1980 kuuza choo chenye kibomba kinachorusha maji ya kustanjia, na leo vyoo vya namna hiyo vimeenea majumbani, vyuoni, hata madukani. Maji yenyewe ni ya vuguvugu. Mama alipoyasikia hayo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Jina nalo lina kichekesho chake. Sisi huandika jina letu, kisha la baba, kisha la babu. Wao huitana kwa jina la ukoo, na wakitazama pasi yetu hulidhania lile la mwisho kuwa ndilo. Basi mtu aitwaye, tuseme, Mwanaidi binti Salumu bin Rajabu, darasani huitwa Rajabu-san, na asipojua huweza kuketi kimya, akadhani anaitwa babu yake marehemu.

SAA, JUA NA KIBLA

Mbagala tunaswali kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu katika ramani. Tokyo kibla ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Hilo hujifunzwa siku moja. La saa huchukua mwaka.

Kwetu magharibi ya mwezi wa Juni na ya mwezi wa Desemba hupishana kwa dakika chache, hata saa nzima haifiki. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili huhesabiwa kwa jua, na saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Tokyo, mwezi wa Juni, jua huchomoza yapata saa kumi na nusu alfajiri, na wakati wa sala ya alfajiri huingia kabla ya saa tisa usiku. Mwezi wa Desemba jua huchwa saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo wakati wa baridi adhuhuri, alasiri na magharibi zote humkuta mwanafunzi darasani, na wakati wa joto isha na alfajiri huacha usingizi wa kuku. Hapana adhana isikikayo nje. Kijana alituambia kwamba katika mji wake, kama katika miji mingi ya Japani, vipaza sauti vya barabarani hupiga wimbo mfupi kila jioni, kuwaambia watoto warudi kwao. Vipaza sauti hivyo vimewekwa kwa ajili ya kutangaza hatari, na wimbo huo ni njia ya kuvijaribu. Jioni ya kwanza alipousikia ukipita juu ya mapaa, moyo wake uliruka kabla ya akili kumwambia kwamba si adhana.

Vyuo vingine vina chumba cha kuswalia, vingine havina. Asiye nacho hutafuta pembe ya ngazi au darasa tupu. Wudhuu ndio wenye taabu, maana kuinua mguu ukautia katika beseni la kunawia nyuso ni jambo linalowachukiza sana Wajapani, na hapo hawana makosa. Wengi hutawadha nyumbani wakajitahidi kuuhifadhi wudhuu wao, au huchukua chupa ya maji chooni. Wako wapakao maji juu ya soksi; lakini wanazuoni wetu wa Kishafii wana masharti yao katika khofu, na ni bora kijana amwulize sheikh wake kabla hajaondoka kuliko kujitolea fatwa mwenyewe ngazini.

Misikiti ipo. Ule wa Kobe, ulio mwendo wa yapata nusu saa kwa treni kutoka Osaka, ulifunguliwa mwaka 1935; ukabaki umesimama mabomu yalipouteketeza mji mwaka 1945, na ukabaki umesimama tena katika tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 lililoua watu zaidi ya 6,000 katika nchi ile. Wa Tokyo uliojengwa mwaka 1938 ulibomolewa mwaka 1986 kwa uchakavu, na huu wa sasa, wenye kuba na mnara kwa mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa mwaka 2000. Kijana aliswali Idi yake ya kwanza Kobe, kati ya Mwindonesia na Mpakistani, akarudi bwenini akala wali peke yake.

CHAKULA

Hapa ndipo mama alipotukalisha muda mrefu, na alikuwa na sababu.

Nguruwe hawezi kukwepwa kwa kutazama nyama tu. Yumo katika mchuzi wa tambi, maana baadhi hupikwa kwa mifupa yake. Mafuta yake yaweza kuwamo katika mkate, katika biskuti, katika viazi vya kukaanga. Pombe nayo imo jikoni mwao kama sisi tutiavyo ndimu: wana ile ya mchele iitwayo sake, na nyingine tamu iitwayo mirin, na hata mchuzi wa soya huenda umetiwa kileo ili usiharibike. Hawafanyi hila, ndivyo wapikavyo tangu zamani, na ukimwuliza mpishi, "Pana nyama ya nguruwe?" atakujibu kwa moyo safi kwamba hapana, kwa kuwa mafuta kwake si nyama.

Basi mwanafunzi wa Kiislamu huanza kujifunza kusoma kwa njia isiyo ya wenzake. Herufi yake ya kwanza ni ya nguruwe, na ya pili ni ya pombe, ambayo kijana alituonyesha kwamba ndani yake mna umbo la mtungi. Alisimama katika duka la chakula siku ya pili tangu kufika kwake, kikaratasi mkononi, akilinganisha alama moja moja nyuma ya pakiti, muda wa saa nzima, akatoka na mayai, samaki na ndizi.

Lakini bahari ni ile ile. Wajapani hula pweza kama sisi, na wana vidagaa vikavu ambavyo huchemshia supu. Harufu yake, kijana alisema, ilimrudisha sokoni Mbagala akiwa amefumba macho. Osaka wana chakula cha njiani wakiitacho takoyaki, ambacho ni unga wa majimaji uliotiwa kipande cha pweza, ukachomwa katika chuma chenye vishimo vya mviringo. "Mama," alimwambia kwa simu, "huku wanapika vitumbua, ila wametia pweza!" (Mchuzi unaomwagwa juu yake ndio wa kuulizwa.) Nyama iliyochinjwa kisheria hupatikana katika maduka ya Waislamu, mfano yale ya mtaa wa Shin-Okubo mjini Tokyo, na siku hizi baadhi ya vyuo hupika chakula cha halali katika kumbi zao. Hata hivyo asiyejua kupika atapata taabu. Hapa twapenda kuwaambia wazazi jambo bila ya kuficha: tumewalea wavulana wetu kana kwamba watakuwa na dada wa kuwapikia mpaka kaburini. Kijana huyu alifika Japani hajui kuchemsha wali. Alijifunza kwa mama yake kwa simu, usiku wa manane kwake, jioni kwetu, kwani saa zao zimetutangulia kwa sita.

Kuhusu vijiti vya kulia hapana la kusema, vidole huzoea. Yampasa tu ajue kwamba haifai kuvisimamisha katika bakuli la wali, kwa sababu hufanywa hivyo kwa ajili ya maiti. Kabla ya kula husema neno la kupokea kwa shukrani, na baada ya kula neno jingine la kushukuru. Yeye husema bismillahi yake kimya kimya, kisha hulitamka na lao.

Karamu za ulevi nazo zina njia yake. Wanafunzi wa mwalimu mmoja hukaribishana penye pombe, na asiyekwenda huonekana amejitenga. Kijana alikataa mara ya kwanza pale pale mezani, glasi imekwisha kumiminwa, na uso wa mwalimu wake ukabadilika, si kwa hasira bali kwa aibu ya kumkosea mgeni. Mara ya pili alimwendea siku mbili kabla, akamweleza dini yake. Tangu siku hiyo huwekewa chai baridi bila ya neno, na sahani yake hutengwa. Mjapani hapendi kushtukizwa. Wala yeye hakushtukizi: akitaka kukukatalia jambo hasemi hapana, husema "jambo hili kidogo..." akanyamaza, na wewe umeze mengine. Kijana alichukua muda kufahamu, kisha akakumbuka jinsi sisi tulivyoligeuza jina tukufu la Mwenyezi Mungu kuwa njia ya kukataa mwaliko, tukasema inshallah ilhali tumekwisha kuamua kutokwenda.

Hamamu zao za pamoja, ambamo watu huoga uchi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, ni jambo la stara na halina mjadala. Aoge chumbani kwake. Na mwaka mpya, wenzake wakenda hekaluni kuomba, yeye husimama nje ya lango akiwashikia mizigo. Hapo pia hakugombana na mtu. Tofauti hii ya lililo la dini na lililo la desturi tu ndiyo aliyotakiwa kuijua kabla hajapanda ndege, naye akasema madrasa ya Mbagala ilimfundisha la kwanza vizuri, ila hakuna aliyemwambia kwamba la pili lipo. Kwa miezi mitatu alikataa mambo kumi, saba kati yao ya bure.

MLANGO USIOPIGWA HODI

Yote hayo, wasomaji wetu, ni mepesi. Baba alikuwa akiyahofu hayo, na twaona hofu yake ilikuwa imekosa mahali pake.

Baada ya mwaka wa Osaka kijana alihamia mji mwingine, akapanga chumba katika nyumba ya ghorofa mbili. Pale Osaka alikuwa na wenzake. Chuo kile kinafundisha hata Kiswahili, na siku ya kwanza aliposikia mtoto wa Kijapani akimwambia "Karibu, kaka," alikaa chini. Huku kupya hakuwa na mtu. Hakutukanwa wala kugombezwa. Watu walikuwa wapole, wakamwinamia ngazini, wakapita. Katika treni watu mia husafiri kama wamo msikitini, hapana anayesema kwa simu. Na mlango wake haukupigwa hodi.

Fikirini mtoto wa Mbagala, ambaye hajapata kuamka asisikie jirani akikohoa, ambaye nyumba yao ina wapangaji watano na watoto wasiohesabika, na anayejua kwamba akikosa kuonekana mpaka adhuhuri patakuwa na mtu dirishani auliza kulikoni. Kwetu mtu husema hodi, na mwenye nyumba hana hiari ila kusema karibu. Mjapani aingiapo kwa mwenzake hutamka neno ambalo maana yake ni kama kusema, "Nakuja kukusumbua." Nao huogopa kusumbua kuliko tuogopavyo sisi kusumbuliwa.

Tena aliwakosea wasifahamu kusema. Taka za nchi ile hutengwa: zinazochomwa siku zake, plastiki siku zake, chupa na makopo siku zake, kila moja kwa namna ya mfuko uliowekwa na mji. Yeye alifunga zote pamoja kama tunavyompa mwenye mkokoteni. Mfuko ukaachwa pale pale na karatasi nyekundu ya makosa, mbele ya nyumba, watu wote wakiuona. Akaona aibu, akaanza kuzitoa usiku.

Mwezi wa Januari alishikwa na homa kali. Alilala siku tatu. Mama akapiga simu kama desturi, saa kumi na mbili jioni Mbagala, huko saa sita usiku. Kijana akasema hajambo. Mama alitusimulia mwenyewe: "Sauti ya mwanangu naijua. Nikamwambia, haya, hujambo. Jirani yako ni nani? Akanyamaza. Nikamwambia, baba, nakuuliza, wa mlango wa pili anaitwa nani? Akasema, mama, sijui. Miezi minne! Hapo ndipo nilipolia."

Alimwamuru, akipata nafuu tu, akapige hodi. Kijana akajibu kwamba huku hawapigi hodi. Mama akasema: "Basi wewe ndiwe Muislamu wa pale, na jirani ana haki yake." Sisi hatukuwa na la kuongeza, maana Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyohimiza haki ya jirani, hata katika kuongeza maji ya mchuzi ili naye apate, hakuweka sharti kwamba awe wa dini yetu.

Alikuwa na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro aliyoiweka ili ampe mwalimu wake. Akaichukua, akapiga mlango wa pili. Akafungua mzee wa miaka sabini na zaidi, akaitazama pakiti, akasoma: "Kirimanjaro!" Kahawa hiyo Wajapani wengi huijua kwa jina. Kumbe desturi ya kwao ndiyo hiyo hiyo: mgeni ahamiapo mahali, yeye ndiye aendaye kwa majirani na zawadi ndogo, taulo, au sabuni, au tambi, akasema jina lake. Miezi minne mzee yule alikuwa akingoja, naye kijana akingoja. Kesho yake jioni alikuta mfuko wa machenza umening'inizwa katika kitasa cha mlango wake, bila ya barua.

Mzee yule ndiye aliyemfundisha taka, akitoa moja moja na kumwonyesha, huku akirudia neno lao mottainai, yaani ni hasara kukitupa kitu kabla hakijaisha faida yake. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alilisikia neno hili alipozuru Japani mwaka 2005, akalipenda, akalihubiri duniani. Na kijana alilijibu kwa neno israfu, ambalo mzee amelishika. Ndiye aliyemweleza pia habari za tetemeko: mfuko wa maji, tochi na karatasi muhimu uwe karibu na mlango, na mahali pa kukusanyika pajulikane mapema. Kijana alikaa kimya aliposikia hayo. Alikuwa mtoto tarehe 29 Aprili 2009, siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa, na watoto wengi wakapoteana na wazazi wao kwa kuwa kila mtu alikimbia kuelekea alikoelekea. Yeye alipatikana usiku wa pili. Sasa mfuko kama ule upo pia nyuma ya mlango wa Kizuiani, tuliuona.

Na siku hizi, taka zake zikikosa kutoka siku yake, mlango wake hupigwa.

BINTI

Baba aliyasikia yote hayo, kisha akauliza mawili. Kwanza, mtoto akifa huko? Hatukumficha. Japani karibu maiti wote huchomwa moto, na makaburi ya Waislamu ni machache. Lipo la Enzan katika mkoa wa Yamanashi, na huko Hiji, mkoa wa Oita, Waislamu walihangaika miaka mingi kutafuta ardhi ya kuzikia, wenyeji wakiwapinga. Mwenye kupeleka mtoto na ayajue hayo, na mtoto awe na wasia wake umeandikwa, na namba ya msikiti ulio karibu.

Pili, binti asafiri bila ya maharimu? Wako wanazuoni waliokataza, na wako walioruhusu njia ikiwa ya amani na haja ikiwa njema. Sisi si mufti, tukamwelekeza kwa sheikh wa msikiti wake. Kijana aliongeza mambo ambayo anayajua yeye: kwamba hijabu haikatazwi, ingawa watu hutazama, kwamba baadhi ya njia za treni zina mabehewa ya wanawake peke yao saa za msongamano, kwamba mwanafunzi aruhusiwaye kufanya kazi hawezi kuzidisha saa 28 kwa wiki, na kazi nyingi zipatikanazo ni za mikahawa yenye pombe, kwa hiyo ni heri abane matumizi yake. Bima ya afya hulipa asilimia 70 ya matibabu.

Mama alinyanyuka akaingia jikoni, akarudi na vitumbua. Vilikuwa vidogo, mviringo kabisa kama machungwa machanga, kwa kuwa alivipika katika chuma cha takoyaki alicholetewa na mwanawe. Juu ya ukuta wa jiko lile, alituambia, binti amebandika karatasi yenye herufi mbili, ya nguruwe na ya mtungi, na nyingine arobaini chini yake.

Tulipoaga, mzee alitusindikiza mpaka barabarani. Akatwambia kwamba wiki ile walipanda basi yeye na binti yake kwenda Kariakoo, na kabla ya kupanda binti alisimama akamsomea maandishi ya ubavuni mwa gari: ni jina la shule ya watoto wadogo. "Miaka yote napanda gari lile," alisema, "sikujua kama lilikuwa likichukua watoto." Jibu bado hajampa. Sheikh amemwahidi kuonana naye baada ya sala ya Ijumaa.